Damu Inapelekwa Wapi?

Mwaka juzi, muuguzi alipokuja na sindano, Bibi aliuficha mkono ndani ya kanga akamuuliza, "Mwanangu, mkishaitoa mnaipeleka wapi?" Mimi, mwenye shahada moja na ya pili njiani, nilicheka. Kicheko hicho kimeanza kunitia aibu baada ya kusoma *Speaking with Vampires*, kitabu cha mwanahistoria Luise White kilichotoka mwaka 2000.

White alikusanya habari za wanyonya damu wa enzi za ukoloni: wazimamoto wa Nairobi, banyama wa Rhodesia ya Kaskazini, na mumiani wetu. Ilisemekana kwamba wazimamoto hawakuzima moto wowote, bali waliwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Ni rahisi kuuita huu ushirikina. Ni rahisi vilevile kusema ni sitiari, mkoloni ni mnyonyaji, basi, tukafunga kitabu. White anazikataa njia zote mbili. Anauliza kwa nini gari, kwa nini sare. Sura yake ya magari ndiyo niliyoirudia mara tatu: watu wanapewa mashine na kazi ya siri, na jirani hajui kinachofanyika humo ndani. Hata neno mumiani lilianza kama jina la dawa.

Wanasaikolojia wa nadharia za njama huanzia kichwani. Mwaka 2008 Jennifer Whitson na Adam Galinsky walionyesha kwamba mtu aliyepokonywa hisia ya kuyamudu mambo huona picha hata katika vidoa vitupu. Sawa. Lakini vidoa vya maabara havina historia. Kule Tuskegee, Alabama, tangu 1932 hadi 1972, serikali ya Marekani iliwachunguza wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, huku wakiambiwa wanatibiwa. Aliyeshuku pale hakuwa akiona picha zisizokuwapo.

Ugomvi wangu na White ni mmoja. Anaposoma uvumi, swali la ukweli analiweka kando ili asikie vizuri zaidi, na kweli anasikia. Ila marehemu wa Pumwani hawamsubiri daktari. Mimi nilikuwa kwenye benchi la zahanati, na sukari ya Bibi ilitakiwa kupimwa siku ile, si baada ya kuelewa muktadha. Kitabu kizima hakina ukurasa wa mtu anayempenda anayeamini uvumi na anataka apone.

Tuliporudi mara ya pili nilimwomba mtu wa maabara atufungulie mlango. Akamwonyesha Bibi kimashine kinachoenea kiganjani, na ndoo ya taka yenye mfuniko ambamo vijiti vilivyotumika hutupwa. Bibi aliitazama ile ndoo kuliko kimashine. Kisha akatoa kidole kimoja, cha mwisho, akasema mkono bado.