Rimu Husomwa Mgongoni

Ukienda Gerezani, Kariakoo, kutafuta rimu za gari la zamani, utaonyeshwa uso wake kwanza. Muuzaji ameshazifuta kwa kitambaa, kazipanga juani, zinameremeta. Mimi huomba jambo moja tu: zigeuze. Ubora wa rimu uko upande ule ambao hakuna aliyehangaika kuung'arisha.

Nichukue Corolla 110, gari nililoendesha miaka mingi na ambalo bado limejaa barabarani. Habu yake ina stadi 4, na ukipima toka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo unapata milimita 100. Tundu la katikati la rimu yake ni milimita 54.1. Namba ya kwanza kila muuzaji anaijua. Ya pili wengi hawaiulizi, na hapo ndipo nilipoumia. Nilinunua rimu za Honda Civic: matundu 4, milimita 100, zikaingia bila ubishi. Kumbe tundu la katikati la Honda ni 56.1. Milimita 2 nikaziona si kitu. Nilipoiacha Kibaha kuelekea Chalinze, mshale ukigusa 80, usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Nilibalansi magurudumu mara tatu, nikatoa pesa mara tatu, tetemeko likabaki palepale. Gurudumu lilibalansiwa vizuri, ila halikukaa katikati ya habu. Lilining'inia kwenye nati tu. Dawa yake ni pete nyembamba ya kuziba upenyo huo, ya kipimo kamili. Ipate kabla hujalipia rimu.

Nati nazo zina mambo yake, na mafundi wengi huzipita haraka. Rimu ya chuma ya Toyota hutumia nati yenye mdomo wa koni. Rimu ya alumini iliyotoka kiwandani Toyota hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Ile ya Honda ina kikalio cha mviringo, kama bakuli dogo. Ukifunga nati ya koni kwenye kikalio cha bakuli, itakaza, na mkono utakudanganya kwamba imeshika. Kumbe vyuma viwili vimegusana kwenye mstari mwembamba kama uzi. Baada ya siku chache inalegea. Namna ya kupima ni hii: paka mdomo wa nati grisi chafu kidogo, ikaze kwa mkono, ifungue, kisha chungulia kikalio. Alama ikienea upana wote na kuzunguka pote, nati ni yake. Ukiona duara jembamba tu, tafuta nati nyingine.

Sasa isome rimu mgongoni. Zile za Kijapani huandikwa ukubwa, kwa mfano 14x5½JJ, pamoja na ofseti, yaani umbali kati ya sehemu inayolala kwenye habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Ofseti ikipishana sana na ya rimu ya zamani, tairi litasugua fenda kwa nje au shokapu kwa ndani. Mimi nikiona tofauti inazidi milimita 5 hivi, siichukui. Tafuta pia herufi JWL, alama ya kiwango cha Japani kwa rimu za alumini. Kisha pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa ndani, mzunguko mzima. Mashimo ya barabarani huukunja ukingo huo, na rangi mpya huficha ufa machoni, lakini kidole hukwama. Rimu iliyochomelewa ufa siinunui hata kwa bei ya bure.

Kwenye matairi nina msimamo wa kizamani: baki na 14. Tairi la 175/65R14 lina kipenyo cha milimita 583 hivi. La 185/55R15 lina 584 au 585, kwa hiyo spidomita haitadanganya, na gari litapendeza. Ila ubavu wa tairi unashuka kutoka milimita 114 hadi 102, na ubavu ndio unaopokea shimo kabla ya rimu. Kwa barabara zetu, milimita hizo 12 nazithamini kuliko urembo.

Usivutwe na kashata nene za tairi. Kwenye ubavu, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata tele huku mpira wake umeshakufa. Libonyeze, fungua mifereji kwa vidole, utaona nyufa ndogo ndogo kama udongo uliokauka. Likifikisha miaka 10, liache, hata kama halijawahi kugusa lami. Angalia pia namba ya uzito: 82 maana yake kila tairi hubeba kilo 475, na usishuke chini ya ile ya mtengenezaji wa gari.

Siku ya kufunga, kaza nati kwa msalaba, si kwa kuzunguka, na kwa spana ya kipimo iliyowekwa nyutonimita 103. Ukishatembea kilomita 80 hivi, egesha pembeni, toa spana uzikaze tena zote.