Shahrazad na Pasolini

Hadithi za Alfu Lela U Lela ni katika urithi mkubwa wa karne za kati. Zilitoka Uajemi, Bara Hindi, Baghdad na Misri, na wasomaji wa Kiswahili wamezijua kwa jina hilo tangu zama za ukoloni. Hata aliyelelewa Nyamisangura, huko Tarime, kwa ngano zilizosimuliwa motoni jioni, hawezi kuziona ngeni.

Pier Paolo Pasolini, mshairi na mtengenezaji wa sinema wa Italia, alizitoa katika picha mwaka 1974, baada ya kwisha kuvishughulikia vitabu vya Boccaccio na Chaucer. Alizipigia picha Yemen, Iran, Nepal na Pembe ya Afrika. Watazamaji wengi husifu majumba na mavazi. Lakini athari kubwa ya karne za kati imo katika usimulizi wenyewe. Mtu hukutana na mtu njiani, huyu akaanza kisa chake, na ndani ya kisa akazuka msimulizi mwingine. Mtazamaji hupotea, kisha hurudishwa kwa Nur ed-Din, amtafutaye Zumurrud, kijakazi aliyepata ufalme akiwa katika mavazi ya kiume. Ufundi huo wa kale Pasolini aliuhifadhi kwa uaminifu.

Hata hivyo alimwondoa Shahrazad. Katika kitabu kila usiku ni deni la roho: hadithi ikimchosha mfalme, msimulizi hufa. Katika sinema Aziza hufa kwa mapenzi, lakini hapana afaye kwa kunyamaza. Pamoja na Shahrazad ameondoka mfalme pia, yaani msikilizaji mwenye haki ya kuhukumu.

Upungufu huu una historia. Katika sinema yake ya 1970, iliyopigwa Uganda na Tanzania, Kigoma ikiwamo, Pasolini alitafuta nyuso za kuigizia tamthilia za Aeschylus, Myunani wa kale. Wanafunzi wa Kiafrika mjini Roma walipoonyeshwa picha hizo walimpinga: Afrika si kabila moja, wala watu wake si mfano wa Uyunani ya zamani. Kwa heshima yake Pasolini aliyaacha maneno yao ndani ya sinema. Hao walikuwa wasikilizaji wa namna ya mfalme yule, na kazi ikapata uzito kwa sababu yao. Katika Alfu Lela U Lela maskini wa Yemen na Eritrea waonekana tena kama mabaki ya zamani, na safari hii hapana wa kujibu.

Mwaka 1975, kabla ya kuuawa mwezi Novemba, Pasolini aliyakana maandishi na picha za kundi hili, akiona kuwa furaha ya miili aliyoisifu imekwisha kufanywa bidhaa. Pengine alilaumu zama kwa jambo ambalo Shahrazad angalimwonya mapema. Msimulizi huishi kwa hisani ya amsikilizaye, na asiyehukumiwa na msikilizaji huishia kujisimulia mwenyewe.