Pugu Imenikosha!

Jamani, nendeni Pugu! Viatu vyangu bado vina vumbi la huko na moyo haunitulii mpaka niliseme.

Unapanda daladala Kariakoo hadi Gongo la Mboto, unaunganisha ya Kisarawe, na kelele za wapiga debe hazijakutoka masikioni, tayari uko chini ya miti ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi. Msitu hasa! Kuna mti humu, Baphia puguensis, uliobeba jina la Pugu mpaka vitabuni mwa wanasayansi.

Tukiwa njiani, mwongozaji akanishika mkono: tulia. Majani makavu yakachakarika, akatokea njule, mnyama mdogo anayefanana na panya. Pua ndefu inachezacheza kama mkonga, kichwa rangi ya kutu, kiuno cheusi ti. Akafukua majani, akadaka mdudu, akachomoka, huyoo! Kwa ukoo, mnyama huyu yuko karibu zaidi na tembo kuliko panya. Simba wa Mikumi nimewaona. Njule amenikosha zaidi.

Yapo mapango yaliyochimbwa enzi za mkoloni kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini, sasa ni makazi ya popo. Lakini kilichonitetemesha ni historia. Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha hapa vilimani, shule ya Mtakatifu Francis, ambayo leo ni Sekondari ya Pugu. Mwaka 1953 akachaguliwa rais wa chama cha TAA (Tanganyika African Association). Basi akawa anateremka Kariakoo vikaoni, safari nyingine kwa miguu, kama kilomita 20, kisha anarudi kuwahi darasa! Chama hicho kikazaliwa upya kama TANU Julai 7, 1954, na Machi 1955 akaacha ualimu. Nimeitazama njia ile kutoka juu, mwili ukanisisimka.

Na Mto Msimbazi, huohuo unaofurika Jangwani na kufunga barabara, unaanzia vilima hivi. Miaka mingi miti ya huku imekatwa kuchomwa mkaa wa majiko yetu ya mjini, na makovu bado yanaonekana. Ndiyo maana nasema msitu huu ni wa watu wa Kariakoo kabla ya kuwa wa mtalii yeyote.

Wenye maduka wa Kariakoo, Jumapili moja fungeni. Wachukueni watoto, ondokeni alfajiri, vaeni viatu vya kufunika, bebeni maji, na msiingie bila mwongozaji: njule hamtamwona peke yenu.