Kushuka Mombasa

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa Moi, Mombasa, ni kilomita 420 hivi kwa mstari ulionyooka. Marubani huzihesabu kama maili 230 za baharini. Ratiba husema saa moja. Ndege ya jeti hukaa angani dakika 45 hivi, na zilizobaki huishia ardhini, kwani saa ya ratiba huanza magurudumu yanapoondoka kwenye maegesho na hukoma yanaposimama tena.

Safari hii karibu haina katikati. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na ndege iliyojaa hukimbia sana kabla ya kunyanyuka. Ikilenga futi 33,000, itatumia karibu maili 100 kuzipanda na nyingine kama hizo kuziteremka. Wahudumu wanaposukuma kigari cha vinywaji kwa haraka ile tunayoijua, rubani tayari anawaza kushuka.

Abiria husifu kutua. Mimi nasifu kushuka, kazi ambayo haipigiwi makofi. Hesabu yake ni ya kichwani: chukua maelfu ya futi, zidisha kwa tatu, upate maili. 33 mara tatu ni 99. Ongeza kama kumi za kupunguzia mwendo. Upepo ukisukuma kwa nyuma, anza mapema. Ukija usoni, chelewa kidogo. Kwa hesabu hiyo injini hutulizwa karibu na Mtito Andei, pale pale mabasi yanaposimama watu wale. Kompyuta ya ndege huijua hesabu hii, tena vizuri, ila haiwezi kujua kwamba mwongoza ndege atasema, subiri, kuna mwenzako chini yako. Ndiyo maana rubani mzuri huwa nayo kichwani wakati wote, akiipiga upya kila maili chache.

Halafu kuna upepo wa Mombasa yenyewe. Barabara kuu ya kurukia huitwa 03 kwa upande mmoja na 21 kwa upande wa pili, yaani nyuzi 30 na 210 za dira. Kaskazi ikivuma, ndege hutua ikielekea kaskazini mashariki, ikitokea upande wa Kwale. Kusi ikishika, huja kutoka upande wa Mtwapa. Pepo zilizopangia majahazi misimu ndizo hizo hizo. Vyovyote iwavyo, anayetoka Nairobi hawezi kwenda moja kwa moja: atakata kona, na kona ina maili zake ambazo ule mstari ulionyooka hauzihesabu. Fundi huzitia hesabuni angali juu ya Tsavo.

Makosa ya kushuka husikika. Aliyechelewa kushuka hulazimika kuinua mabapa juu ya bawa ili ndege ipoteze kimo, na viti hutetemeka. Aliyewahi mno hujikuta chini mapema, injini zikiunguruma na mafuta yakiteketea bure. Aliyepatia, injini zake zitatulia tangu Mtito Andei hadi magurudumu yashushwe.

Ili uyafuatilie haya, kaa dirishani, nyuma kidogo ya bawa. Chagua upande wa kulia. Ukichoka na bawa, na mawingu yakikubali, kuna Kilimanjaro.