Ree na Mbili Hazitoshi

Wanaojifunza poka ya Omaha ya juu na chini hupewa nasaha moja mapema mno: ukishika ree na mbili, ingia. Si uongo, ila imekwisha kuwamalizia wengi akiba, kwa kuwa inazungumzia karata mbili na mkononi mna nne.

Kanuni ni fupi. Fungu hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mkono mkubwa na mkono mdogo. Mdogo ni karata tano tofauti zisizozidi nane, ree ikihesabiwa moja; usipopatikana, mkubwa huzoa zote. Kwa kila upande unatumia karata mbili zako na tatu za mezani, hazipungui wala hazizidi.

Tuchukue meza ya kubuni hapa Kamembe, dau likiwa njiti za kiberiti. Wamebaki watatu, kila mmoja ameweka 100. Mezani kuna nne, sita, nane, malkia na mfalme. Wa kwanza ana ree, mbili, tisa, jeki. Wa pili naye ana ree na mbili. Wa tatu ameshika wafalme wawili, hivyo anachukua 150 za juu. Nusu ya chini inagawanywa tena: 75 kwa 75. Mchezaji wetu wa kwanza amefunga kwa mkono mdogo bora kabisa, na amepoteza 25.

Tatizo lilianza karata zilipogawiwa. Karata nne hutoa jozi sita za kuchezea. Moja ikikosa mwenzake, jozi tatu zimekufa. Tisa yake haikufaa chini, na juu haikusaidia kitu. Weka tatu mahali pa tisa, mambo yanageuka: mbili ikianguka mezani na kuifisha mbili yako, bado una ree na tatu. Weka mfalme wa jamii moja na ree, tuseme kopa zote mbili, na sasa unawinda nusu ya juu pia. Ndiyo maana ree mbili, mbili na tatu, kila ree ikiwa na mwenzake wa jamii yake, ndio mkono unaotamaniwa kuliko yote. Mchuuzi anayevuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kwenda Bukavu hupata faida akiuza akienda na akiuza akirudi; mkono wa upande mmoja hurudi mikono mitupu.

Mtego ninaouchukia zaidi ni sita, saba, nane, tisa. Zinapendeza machoni kwa mfuatano wake, lakini mezani zikitokea tano, sita na saba, mkono mdogo tayari uko kwa mwenye ree na mbili, nawe unapigania nusu tu kwa bei ya fungu zima. Nane tatu mkononi ni mbaya zaidi: mbili tu ndizo hutumika, na ya tatu umeifungia mwenyewe.

Wafalme wawili na malkia na jeki? Ingia kwa bei nafuu. Katika karata tatu za kwanza mezani zikija mbili ndogo na hakuna mfalme, tupa.

Na yule mwenye ree, mbili, tisa, jeki? Afuate dau, asipandishe, hasa waliobaki wakiwa wachache. Wangekuwa wanne, robo ya fungu la 400 ingemrudishia zile zile 100 zake.