Ubao wa Hesabu na Mbwa wa Fry

Kuna wanaodhani katuni za kuchekesha huandikwa kwa kubahatisha. Hao hawajawafahamu waandishi wa Futurama, mfululizo wa Kimarekani uliobuniwa na Matt Groening na kuanza kurushwa mwaka 1999.

Katika kipindi kiitwacho The Prisoner of Benda, cha 2010, wahusika wanabadilishana miili kwa mashine, kisha wanagundua kuwa waliokwisha kubadilishana hawawezi kurudishiana miili moja kwa moja. Watajinasuaje? Mwandishi wake, Ken Keeler, mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati, angeweza kutunga uchawi wowote na tungecheka tu. Yeye akakaa na kuthibitisha kihesabu kwamba, hata wavurugike watu mia, wanatosha wawili wasiowahi kuingia kwenye mashine ili kila mmoja arudishiwe mwili wake. Uthibitisho wenyewe uko ubaoni, unapita kwa sekunde chache. Kuna waliosimamisha video wakausoma, Mungu awabariki.

Maandishi ya viumbe wa anga yaliyochorwa ukutani katika katuni hiyo nayo ni fumbo halisi. Mashabiki walipolifumbua upesi, waandishi wakaleta la pili, gumu zaidi.

Lakini uamuzi ninaouvulia kofia hauna hesabu. Katika kipindi cha Jurassic Bark, cha 2002, wazo la awali lilikuwa Fry, mhusika mkuu, akute mabaki ya mama yake yaliyogeuka jiwe. Waandishi wakaona hilo lingeumiza mno, wakamweka mbwa wake badala ya mama. Unafuu gani huo! Watu wazima wanakililia kipindi hicho mpaka leo.