Mini ya Mr. Bean na macho ya Mlali

Kuna kauli ya watengenezaji wa filamu zetu imenichosha: eti mtazamaji wa kijijini haangalii vitu vidogo, mradi acheke. Nimeisikia kazini zaidi ya mara moja. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa kwenye kibanda umiza pale Mlali, Mr. Bean akiwa kwenye skrini.

Vipindi vyake viko 15 tu, vya kuanzia 1990 hadi 1995. Sisi tulivipata kwenye CD zilizochanganywa hovyo, cha mwisho kinatangulia, cha kwanza kinakuja wiki ijayo. Ndiyo maana kesi ya gari ikawa kubwa. Leo kifaru cha jeshi kinaiponda Mini yake ya kijani, inakuwa chapati, kinachosalia kizima ni kufuli ya mlangoni. Kesho jamaa yuko barabarani na Mini ileile, kakaa kwenye kochi juu ya paa, anaendesha kwa ufagio na kamba. Keshokutwa ana Mini ya rangi ya chungwa! Wakubwa wakasema kaipaka rangi. Wapi! Watoto tuliokulia kando ya barabara ya Mgeta, Fuso za kabichi tulikuwa tunazitambua kwa namba zake. Ya kijani ni SLW 287R. Ya chungwa ina namba nyingine kabisa. Ni magari mawili, na la chungwa ni la kipindi cha kwanza. Aliyevuruga mambo ni mchoma CD.

Ila hata ukivipanga sawasawa, ile ya kijani haifi. Kipindi cha kifaru ni cha 1994. Katuni ilipoanza 2002, Mini ipo, na kufuli yake. Ni kosa? Mimi nasema hapana. Rowan Atkinson anaigiza mtu asiyejifunza kitu, na gari likifa kweli itabidi akumbuke. Hata kile kigari cha bluu cha magurudumu matatu (watoto wa leo wangekiita bajaji), ambacho dereva wake hatumwoni sura, kikipinduliwa kinarudi ili kipinduliwe tena. Vichekesho hivi vina sheria yake na vinaifuata. King Majuto naye tulimpokea hivyohivyo, mzee yuleyule filamu hadi filamu, na hakuna aliyedai maelezo.

Kosa ni pale filamu inapotaka nilie. Niliona moja humo humo kibandani: kijana kaletwa nyumbani na bandeji mkono wa kulia, mlango unafunguliwa, bandeji iko kushoto. "Kahama!" akapaza sauti mmoja nyuma. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mama wa yule kijana alikuwa analia kwa dhati, nadhani ndicho kipande bora cha filamu nzima, na hakuna aliyemsikia.